Siku Prosija Yangu Ilipoonyesha Kila Kitu

Nikipita pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na ofisi yetu ya wakala wa forodha, madereva wa malori bado wananiita "Dada Weka Mwisho", nami naitika, kwa sababu sina utetezi.

Ilikuwa hivi: mimi ndiye niliyeandika programu ya kupanga foleni ya kushughulikia makaratasi ya malori, programu ya lugha ya C yenye SQL, lugha ya hifadhidata, ndani yake, inayoita prosija, yaani kifungu cha maagizo kilichowekwa kwenye hifadhidata. Sasa prosija haionyeshi kitu yenyewe. Ujumbe wake huuweka pembeni mpaka programu iende kuuchukua mstari kwa mstari. Asubuhi ile boss akataka foleni ionekane kwenye televisheni ya ukumbini, madereva waache kutusumbua dirishani, na mimi kwa uvivu, badala ya kuchagua mistari ya kuonyesha, nikaiambia programu ichukue yote, nikasahau kwamba mle ndani nilikuwa nimeandika pia maelezo yangu ya majaribio, ya kujikumbusha tu.

Ukumbi umejaa. Mstari wa kwanza ukatokea: "Mutiso ana kelele, weka mwisho. Agizo la boss."

Mutiso mwenyewe, dereva, alikuwa amesimama chini ya televisheni na chai yake. Akasoma polepole. Nikabonyeza kitufe nilichodhani ni cha kusimamisha, kumbe ni cha kufungua ukurasa wa pili (nilikipa kazi hiyo mwenyewe), ukaja: "Shemeji ya boss, weka mbele hata akichelewa."

Boss akasema, "Zima hiyo kitu," kisha akaingia chooni na kukaa huko.

"Usizime," Mutiso akasema. "Mwenye lori anadai nachelewa juu ya kulala kwa mabaa ya Busia. Amesema nikichelewa tena leo nimwachie funguo. Mpigie, dada. Msomee vile imeandikwa."

Nikampigia, nikasoma, simu ikiwa kwa spika, na yule mwenye lori (ni mzee, hasikii vizuri) akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia.

"Nani aliandika hiyo?"

"Ni mimi, mzee."

Aibu niliyoona siwezi kuwasimulia hata nusu yake.

"Sawa. Ambia Mutiso akae na funguo."

Siku hizi maelezo ya majaribio naandika "nimefika hapa", basi, na boss akitaka mtu awekwe mwisho, namsogezea kibodi aandike mwenyewe.