Koga Mwaka Bawshar

Nilikwenda Maskati kwa ubishi. Wenzangu wa Makunduchi wakiniuliza nilifuata nini huko, nawaambia kazi, na ni kweli nilialikwa kazi, lakini kilichonipandisha ndege ni ubishi. Hoteli moja ya pwani ilinitaka niwaoneshe wageni Mwaka Kogwa kila Jumamosi, baina ya chakula na muziki. Vijana wakapigana kwa vijiti vilivyovishwa sponji. Kibanda kikawashwa kwa gesi, kikazimwa, na Jumamosi ya pili kikawashwa kile kile. Ya tatu sikwenda. Nikaapa mbele ya shangazi yangu Bi Mize, ambaye nyimbo zote nnazozijua kanifundisha yeye, kwamba mie sifundishi tena mwaka nusu. Ama mzima, ama basi.

Kwa asiyeujua, huu ni mwaka mpya wa kale, wa tangu kabla ya misikiti yetu. Siku yake watu huoga baharini asubuhi, kisha huenda kiwanjani. Mwanamme mwenye jambo na mwenziwe humwita kwa jina, wakapigana kwa magomba, yaani mapande ya mgomba, na wakishapigana jambo limekwisha, halisemwi tena. Wanawake hawapigi. Wanawake huvaa vizuri, wakazunguka uwanja wakiwaimbia wanaume vijembe, na baadhi ya vijembe hivyo vinauma kuliko gomba. Mwisho huchomwa kibanda cha makuti, na mwaka umeingia.

Zamani hakuna aliyefundishwa haya. Ulipigwa, ukajua. Siku hizi yanafundishwa kwa warsha, na mie ndiye mwalimu wake, navishwa kadi shingoni, naitwa mwezeshaji. Nimefundisha Mombasa, nimefundisha Dar es Salaam, na sioni aibu, maana mtoto wa ghorofani atajulia wapi? Basi Bi Salma wa Maskati aliponipigia simu akaniambia familia zenye asili ya Unguja na bara zinafanya tamasha lao la mila, na wanataka warsha ya Mwaka, nilimuuliza moja tu: mzima au nusu? Akacheka, akasema njoo, mzima.

Uwanja wa ndege wa Maskati nilipokewa na kijana mmoja mrefu, kavaa kanzu na kofia yao ya Kiomani, akanisalimu, "Shikamoo mama, karibu sana, pole na safari." Nikamwangalia mara mbili. Kiswahili kile si cha Unguja. Alikuwa Khalfan, mkwe wa Bi Salma, kamuoa binti yake Rayya. Wazee wake walirudi Oman kutokea Kigoma, na njia nzima alinisimulia dagaa wa ziwani aliowala utotoni kwa bibi yake. Nikampenda pale pale. Nilimuuliza kama na yeye atakuwa uwanjani siku ya tamasha. Akatengeneza kofia yake, akasema akiruhusiwa.

Bawshar, mmojawapo wa mitaa ya Maskati, nyumbani kwa Bi Salma, nilikuta nyumba kubwa nyeupe, baridi ya kiyoyozi mpaka nikaomba shali, na harufu ya udi na mchuzi wa nazi kwa pamoja. Bi Salma ni mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye macho ya kuchekacheka. Aliondoka Unguja mdogo, na Kiswahili chake ni kile cha wazee wetu, akichoka nacho anatia Kiarabu, kisha anarudi. Alinilisha mpaka nikamwambia shoga, mie nimekuja kufanya kazi, si kunona.

Kwenye kahawa ndipo nilipoujua mgogoro. Tamasha linafanyika katika mazraa, shamba la familia lenye mitende, hapo hapo Bawshar, na mazraa ni ya kaka yake, Mzee Nasor. Huyu kasikia habari ya kibanda na moto, kasema hataki. Moto ule ni wa majusi, waabudu moto, haupigwi kiberiti kwenye ardhi yake. Nikamuuliza Bi Salma yeye kamwambiaje. Akainamia kikombe chake. Akasema yeye na kaka yake hawasemezani. Wakikutana msibani wanasalimiana mbele za watu, basi. Tangu harusi ya Rayya. Nasor alisema mtoto wao haolewi na watu wa bara, na alipoolewa, hakutokea harusini. Sasa Rayya ana mtoto anatembea, na mjomba hajapata hata kumwona uso.

Asubuhi yake, mtaa wa Khuwair ya Kusini, kamati ya tamasha ilikutana katika ofisi moja juu ya maduka. Mzee Nasor alikuwepo, amekaa mwisho wa meza, mkongojo magotini, mtu wa heshima na sauti ndogo. Walinisomea walivyoamua: moto hakuna, magomba yawe ya sponji watoto wasiumie, na nyimbo zichaguliwe zisizo na vijembe. Damu ilinichemka. Sponji imenifuata mpaka Arabuni!

Niliwaambia kwa adabu kwamba basi wanitafutie ndege ya kurudi. Wakashtuka, wakaniita dada, dada, tulia. Nikasema nimetulia, na mie ni Muislamu kama wao, nasali na nafunga, na kwetu dua husomwa kabla ya yote. Hakuna anayeabudu kibanda. Tunachoma uchafu wa mwaka kama mtu anavyochoma taka za uani. Na magomba yakiwa sponji, mtu na nduguye wataondoka uwanjani na mambo yao vile vile moyoni. Nilisema hilo la mwisho nikimtazama Mzee Nasor, na nakiri nilikusudia.

Aliugeuza mkongojo wake magotini. Kisha akasema magomba nipewe, na vijembe niimbe, na kibanda nijenge. "Lakini moto, dada yangu, hauwaki mpaka mimi mwenyewe niseme uwake," akasema, "na sitosema." Nikakubali kwa shingo upande. Moyoni nikajiapiza kwamba nitamtoa neno hilo, hata ikibidi nimwimbie yeye.

Mchana tulikwenda Mawaleh kutafuta migomba, mie na Khalfan. Miaka mingi soko kuu la matunda lilikuwa huko, akadhani wafanyabiashara wake wa zamani watatuelekeza. Kila tuliyemuuliza alitaka kutuuzia ndizi. Ukimwambia hutaki ndizi, unataka mti wenyewe, na unautaka ili watu wapigane, anakutazama tena. Mwishoe mama mmoja wa Kitanga aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja alitusikia, akatuita mlango wa nyuma, akatuonesha migomba ya tajiri wake iliyokwishazaa, inangoja kukatwa. Khalfan aliikata mwenyewe, kanzu kaikunja kiunoni. Nikamuuliza kwani anajitesa hivyo kwa nini, wakati Mzee Nasor mwenye mazraa hamtaki. Akasema, "Mama, mimi nataka siku moja tu mke wangu aache kulia sikukuu zikifika."

Siku ya tamasha kulikuwa na jua zuri. Kwetu Mwaka ni Julai, lakini Julai ya Maskati mtu hakai uwanjani, basi wao wanauoga Januari. Nililimeza hilo kwa taabu. Kibanda tulikijenga kwa makuti ya mtende badala ya mnazi, na hilo nalo nikalimeza. Tangazo mlangoni liliandikwa "Warsha ya Kuoga Mwaka", na mama mmoja alikuja na taulo, kanga ya kuogea na sabuni ndani ya kifuko, akaniuliza kwa heshima bafu liko wapi. Nilimkalisha mbele kabisa, na alikuwa mwanafunzi wangu bora.

Wanawake walishika nyimbo upesi. Damu ya Unguja haipotei, kijembe kimoja tu nao wameshatunga cha pili. Wanaume ndio walionitesa. Vijana walichukua magomba wakapigana kwa kucheka, huku wenzao wanapiga picha kwa simu. Nikaona hoteli ile ile imenirudia. Nikasimamisha kila kitu. Nikawaambia simu ziwekwe mifukoni, na mchezo umekwisha. Sasa mwenye jambo na mtu, amwite kwa jina.

Hakutoka mtu. Waomani ni watu wa staha, na nani atasema mbele ya ukoo kwamba ana jambo? Nikawauliza tena. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kwamba wao, alhamdulillahi, hawana ugomvi. Wote wakaitikia hawana. Mzee Nasor alikuwa amesimama karibu na kibanda, kaja kuhakikisha hakiwashwi, na yeye akaitikia hana.

Hapo Bi Salma akainuka. Alipita katikati ya wanawake wenzake, akaokota gomba chini, akalishika kwa mikono miwili. Akasema, "Nasor. Nna jambo lako."

Mie maneno yalikuwa mdomoni: mwanamke hapigi. Kwetu nimeshawatoa wasichana uwanjani kwa mkono wangu, nikawarudisha kwenye nyimbo. Hii ndiyo kanuni niliyoipandia ndege, na kiapo changu kwa Bi Mize kilikuwa juu yake. Nilimtazama Bi Salma na gomba lake. Nikamtazama Rayya nyuma yake, kafunika mdomo kwa ncha ya shela. Nikajua nikisema sheria yangu, mama huyu atalitua gomba, atakaa, na hatoinuka tena maisha yake. Nikaimeza sheria. Nikaokota gomba la pili, nikaenda nikampa Mzee Nasor mkononi.

Akalipokea, maana hakujua la kufanya. Bi Salma akampiga la bega. "Hili la harusi," akasema. Akampiga la pili. "Hili la Rayya, alikungoja mlangoni mpaka mabuibui yakavaliwa watu wakaenda zao." La tatu alilipiga huku analia, gomba likamkatikia mkononi. "Na hili la mjukuu wako. Anatembea, Nasor. Anasema. Una wajukuu wangapi hata huyu umwache akue humjui?"

Mzee Nasor hakurudisha hata moja. Gomba lake alilikinga kifuani, kisha likamwanguka. Kilemba kimekwenda upande, maji ya mgomba yanamchuruzika kwenye kanzu nyeupe. Akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Yuko wapi?"

Rayya akanyoosha mkono kwenye kibanda. Mtoto alichoka na kelele, kivuli cha karibu kilikuwa humo tu, na Khalfan kamtandikia mkeka akalala. Baba mtu amekaa mlangoni, upande wa pili, akimpepea kwa kipande cha kuti, hakuthubutu hata kusimama. Mzee Nasor alimwendea Khalfan. Akamwekea mkono kichwani, akainama akaingia ndani ya kibanda. Tulimwona miguu tu, amekaa. Nililia wallahi, na wala sikujificha.

Alipotoka alinitafuta. Akaniambia, kaka mtu mzima, macho mekundu, "Haya dada, umeshinda. Choma."

Neno lenyewe ndilo hilo nililojiapiza kumtoa. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Nikamwambia, "Siwezi, mzee. Mna mtoto kalala."

Kibanda hakikuchomwa. Chakula cha mchana kililiwa mbele yake, kwa sauti ndogo, watu wazima wananyamazishana mtoto asiamke. Mzee Nasor na Khalfan walikula sahani moja. Mama wa taulo aliniomba nimwandikie nyimbo zote, nikamwandikia.

Ndani ya ndege, narudi Unguja, niliyapima. Hoteli ile ilibadilisha Mwaka, na mie uwanjani nimeubadilisha kuliko wao: mwezi si wake, mwanamke kapiga, moto haukuwaka. Mbona kule niliondoka na hasira na huku naondoka na raha? Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nalinda magomba na moto, na vyote viwili ni vyombo tu. Kule walibakisha vyombo wakaondoa ugomvi. Huku ugomvi ulikuwepo, wa kweli, na ulitoka. Lakini kujifunza ndani ya ndege ni rahisi. Mbele yangu alikuwapo Bi Mize.

Makunduchi nilifika alasiri. Shangazi alikuwa barazani anasuka ukili, hakuniuliza hata safari. Akaniuliza, mzima au nusu? Nikakaa chini, nikamsimulia yote, sikupunguza: Januari, makuti ya mtende, kibanda kilichobaki. Nikafika kwa Bi Salma. Nikamwambia shangazi, mwanamke aliingia uwanjani, akapiga, na mie nimemwacha. Gomba la kaka mtu nimelitoa mie.

Mikono ya Bi Mize ikasita kwenye ukili. Nikainamisha kichwa kungoja matusi.

"Alimpiga sawasawa?" akauliza.

Nikamwambia alimpiga mpaka gomba likakatika.

"Mie nilikuwa na wangu wa kumpiga," akasema, "kafa namwimbia vijembe tu." Akaushika tena ukili wake, akaendelea kusuka.