Duara Tupu la Kabila

Nilitoka mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, asubuhi bila mpango, nikafika mji mdogo wa Soy kutafuta chumba. Mwaka mmoja baada ya vurugu za uchaguzi, swali la kabila bado lilinikausha mate.

“Jina ukitaka acha,” akasema mama wa gesti, macho kwenye kompyuta. “Lakini bila kabila hii kitu haiendelei.”

Nikaitambua programu hiyo ya kusajili wageni. Mafundi wa kompyuta wa Eldoret walikuwa wameibuni kwa mchoro wa alama, ili kila gesti ichague maswali yake. Swali lenye duara jeusi lilikuwa la lazima, lenye duara tupu la hiari. Mimi, niliyeishia darasa la sita, nilijitolea kuchora nakala safi ya mchoro huo. Nikageuza alama, nikiamini duara tupu ndilo la kujazwa; jina likawa hiari, kabila likawa lazima.

“Mjinga gani alichora hii?” mama akauliza.

Jina langu, kama mchoraji, lilikuwa limeandikwa chini kwenye skrini. Mama akanyoosha mkono. “Leta kitambulisho, kijana.”