Kifuniko cha Pipa

Siku za kazi alikuwa fundi rangi, na fundi mzuri tu, si wa kujisifu wala wa kukimbiwa. Ukitaka sebule yako ipakwe bila sakafu kugeuka madoadoa, ulimwita yeye. Lakini mtaa haukumjua kwa kuta za watu. Ulimjua kwa jina la Kibao, na jina hilo alilipata uwanjani, juu ya jukwaa la chuma nyuma ya goli, ambako kila timu ya taifa ilipocheza nyumbani alipanda ngazi akakaa huko kama ndege kwenye waya.

Kazi yake ilikuwa kutundika magoli. Kulikuwa na misumari miwili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wageni, na chini ya kila msumari rundo la vibao vya mbao alivyovichora mwenyewe, sufuri mpaka tisa. Goli likiingia, anavua kibao cha zamani, anatundika kipya. Basi. Na aliipenda kazi hiyo mpaka mkewe akawa anaionea wivu.

Ukipanda kule juu ungeona jambo moja papo hapo. Vibao vya wageni vilikuwa vimechakaa, rangi imebanduka kwa kushikwashikwa. Vya wenyeji, sufuri ndiyo iliyochoka. Moja na mbili zilikuwa na afya njema, na tatu iling'aa kama viatu vya bwana harusi. Kuanzia nne kwenda juu, hakuna kilichowahi kuliona jua.

Mwaka mmoja, timu ilipotolewa ikiwa ya mwisho kwenye kundi lake kama kawaida yake, Kibao alishikwa na hasira. Akavifunga kamba vibao vya wenyeji kuanzia tano hadi tisa, akavibeba mpaka nyumbani.

"Huko vinaliwa na mchwa bure," akamwambia mkewe. "Hapa angalau vitapata kazi."

Na kweli vikapata. Tano ikawa kifuniko cha pipa la maji uani. Sita aliitoboa tundu upande wa chini, akaigeuza kirafu cha sabuni bafuni. Zilizobaki zikaishia kwenye banda la kuku, na hali yake huko tusiiulize.

Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa barazani, na hakuwahi kukanyaga uwanjani. Kila mechi Kibao alimbembeleza, kila mechi akapewa jibu lile lile alilopewa tangu enzi za uchumba: "Nitakuja siku hao watu wako watakapofunga matano." Mwanzoni ulikuwa utani. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahama, utani ukabaki pale pale. Kibao alicheka kila mara, lakini moyoni ulimuuma. Alitaka mkewe amwone kule juu, hata mara moja tu.

Sasa nafasi zilikuwa zimekwisha. Ubao wa umeme ulikuwa umeshaletwa, umelala kando ya uwanja umefunikwa turubai. Mechi ya mwisho ya kundi ndiyo ingekuwa mechi ya mwisho ya Kibao.

Na mechi yenyewe ilikuwa kichekesho. Kundi lilikuwa la timu nne, na ya kwanza peke yake ndiyo ingefuzu kwenda kwenye mashindano makubwa. Vinara walikuwa wamemaliza michezo yao yote, wamekaa kileleni miguu juu. Ili kuwapita, wenyeji walitakiwa kushinda kwa tofauti ya magoli matano. Matano! Timu ambayo ikifunga mawili watu wasiojuana wanakumbatiana barabarani.

"Leo ndiyo mwisho, mama watoto," Kibao alisema akivaa kofia yake. "Twende basi, angalau leo."

"Wamefunga matano?"

"Hata mpira hawajaanza!"

"Basi wakifunga nitakuja," mkewe akajibu, akafungulia redio, akaendelea kushona.

Kibao akaenda peke yake, uso umemshuka.

Goli la kwanza liliingia kwa mgongo wa beki wa wageni, maskini, aliyekuwa anajiendea zake. La pili lilikuwa la kichwa, safi. Kabla ya mapumziko likaja la tatu, na Kibao akaitundika ile tatu yake. Kipindi cha pili hakijapata joto, la nne! Akaitoa nne, nyeupe pepe, haijaguswa tangu alipoichora. Watu walikipigia makofi kile kibao kana kwamba chenyewe ndicho kilichofunga.

Kibao akainama kuandaa tano. Mkono ukagusa chuma kitupu.

Hapo ndipo alipokumbuka pipa.

Akapiga simu nyumbani, ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena na tena, robo saa nzima, haikupokelewa. Na wakati huo huo mshambuliaji wa wenyeji akaangushwa ndani ya eneo la hatari, filimbi ikalia, penalti. Kwa mara ya kwanza maishani Kibao aliomba kimoyomoyo wakose, akajiona msaliti, akaomba upya wafunge.

Wakafunga. Uwanja ukalipuka, kisha macho yote yakageukia ubaoni. Nne.

"Tano, Kibao! Weka tano!"

Atafanyaje? Akaivua nne, akasimama mbele ya msumari, akanyoosha mkono wake na vidole vyote vitano. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akakaa vile vile, mkono juu, bega likimuwaka moto, hataki kuushusha kwa sababu hilo lilikuwa goli la haki na lilistahili kuonekana.

Ndipo ngazi ikatikisika. Kikatokea kitambaa cha kichwa anachokijua, kisha uso wa mkewe, anahema.

"Shika hiki, mikono yangu imekufa ganzi."

Kilikuwa kibao cha tano, kingali kinachuruzika maji. Kibao akakitundika, na watu wakashangilia goli lile lile mara ya pili.

Askari wa getini ndiye aliyesimulia baadaye. Alimzuia yule mama, akamuuliza iko wapi tiketi. Mama akakiinua kibao. "Tiketi yangu hii." Askari akakisoma, akageuka akaangalia ubao, akamfungulia geti mwenyewe.

"Umekuja," Kibao akasema.

"Si nilisema matano? Redio iliposema manne, nikajua huyu mwanamume ataaibika mbele za watu kwa ajili ya pipa langu." Akaketi, akatazama chini, akajipepea. "Kumbe huku kuna hewa nzuri hivi."

Kibao alifurahi mpaka akasahau kutazama mpira. Na wageni, waliokuwa wamelala usingizi tangu mwanzo, wakaamka wakafunga moja. Tano kwa moja, tofauti ya magoli manne. Kibao akakitundika kile kibao cha moja kilichobanduka rangi, akakaa chini akashika tama.

"Yamekwisha, mama watoto."

"Yamekwisha nini? Mbona bado wanacheza?" Mkewe akatia mkono kwenye mfuko wake mkubwa wa vitambaa, akatoa kibao kingine. Sita, ina povu la sabuni pembeni.

"Nani alikwambia ulete sita?"

"Kwani ulitaka nirudi tena nyumbani?"

Kibao akamtazama. Yeye, shabiki wa kufa na kupona, ndiye aliyevibeba vibao vile nyumbani kwa kukata tamaa. Na huyu, aliyeicheka timu miaka yote, amekuja na kimoja cha ziada. Machozi yakamlenga, wala hakuyaficha.

Dakika za nyongeza, kona. Mpira ukapigwa, ukagonga mguu huu, ukagonga mguu ule, ukavuka mstari. Goli! Kibao akaruka, akalia, akaikumbatia nguzo ya jukwaa, na hakuwa na mkono wa kutundikia chochote. Kwa hiyo mkewe akainuka, akaivua tano, akatafuta tundu, akaitundika ile nyingine. Filimbi ya mwisho ikalia. Wamefuzu.

Kisha uwanja ukaanza kucheka. Walicheka wale wa jukwaani, wakacheka wachezaji waliogaagaa kwenye nyasi, mmoja akawa anaunyooshea ubao kidole huku akishika mbavu. Kibao akageuka kutazama. Mkewe alikuwa ametumia tundu la kirafu, lile la chini. Ubao ulisomeka tisa kwa moja.

Akapeleka mkono akigeuze. Mkono ukaishia njiani.

"Nimekosea?" mkewe akauliza.

"Hapana. Umepatia."

"Mbona wanacheka?"

"Wamefurahi, mke wangu."

Akaketi kando yake, na ile tisa ikabaki msumarini mpaka mtu wa mwisho alipotoka uwanjani.