Mama Vitabu na Sura za Mwisho

Wasikilizaji walimjua kwa sauti, na wengi wao sura yake hawakuwahi kuiona. Walimwita Mama Vitabu. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya taarifa ya habari, sauti yake ilitoka redioni imetulia kama maji ya mtungini, ikamkaribisha mwandishi na kumuuliza kitabu chake kilianzia wapi. Mtoto hakuwa naye. Mume aliwahi kuwa naye, wakaachana bila kelele, maana, kama alivyopenda kutania mwenyewe, nyumba yao ilikuwa na watu wengi mno na wote walikuwa ndani ya vitabu.

Studio ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Kuta zilivikwa zulia la kijivu lililoanza kubanduka pembeni, na meza ilitandikwa kitambaa kizito ili kikombe kikitua kisisikike hewani. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, mtu mnene, mpole, ambaye kila mtu alimwita Babu Waya ingawa hakuwa na mvi hata moja. Babu Waya hakuwa msomaji. Alisema vitabu vinamletea usingizi, ila waandishi wanamfurahisha, kwa sababu hajaona watu waoga namna ile wakiogopa kitu walichokiandika wenyewe.

Na kweli walikuwa waoga. Kuna mshairi aliyekuja na taulo la kujifutia jasho, akaliacha, na mpaka leo linafutia vumbi la mitambo. Kuna askari mstaafu aliyeandika riwaya ya mapenzi, ambaye kila swali alilijibu akiwa amekaa wima kama yuko gwaride. Kuna mama mmoja aliyeulizwa jambo dogo tu, kwamba wakati anaandika alikuwa anakula saa ngapi, akaangua kilio. Mama Vitabu aliwapokea wote, akawaacha walie, kisha akawauliza swali la pili. Hilo ndilo lililompa jina. Watangazaji wengi wana swali la kwanza. Yeye alikuwa na la pili.

Alikuwa na desturi moja ambayo Babu Waya peke yake aliijua: hakusoma sura ya mwisho ya kitabu chochote kabla ya mazungumzo. Ilianza zamani, bado mgeni kazini, alipomhoji mwandishi wa hadithi za upelelezi akapitiwa, akamtaja muuaji hewani. Simu zilizopigwa siku ile zilikuwa za matusi matupu, na nusura amwage unga. Tangu hapo akajiwekea mwiko. Anasoma mpaka anapofikia sura ya mwisho, anafunga kitabu, anaingia studio akiwa na hamu ileile ya msikilizaji asiyejua mambo yameishaje. Akishamaliza mazungumzo ndipo anamalizia kusoma, na mara nyingine hamalizii kabisa, kwa kuwa kitabu cha Jumamosi nyingine kimekwisha kufika mezani.

Tatizo ni kwamba mwandishi yeyote akiingia studio, hata kabla hajakaa, huuliza kama kitabu chake kimesomwa chote. Ukimwambia bado, uso unamshuka, na mazungumzo yameharibika. Basi Mama Vitabu alikuwa anajibu kwamba amekimaliza. Hakuuona kuwa uongo. Aliuona kama kumvutia mgeni kiti.

Sasa, alikuwa na mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na lile jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye cherehani yake na wateja wake. Kitinda ndiye aliyebaki na mama yao. Mama alipoanza kuugua, yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyesaga chakula chake mpaka kikawa uji. Dada mtu alituma fedha na kupiga simu. Alikuja sikukuu na likizo, akaondoka na mizigo yake ya vitabu. Asubuhi ambayo mama alikata roho ilikuwa Jumamosi. Kitinda alipiga simu kituoni, akaambiwa dada yuko hewani, asubiri kipindi kiishe. Kilipoisha, mama naye alikuwa ameisha.

Maneno yalisemwa msibani, mbele ya shangazi na wajomba. Kitinda hakupaza sauti. Alimwambia tu dada yake kwamba watu wa nchi nzima wamemsikia asubuhi ile, ni mama peke yake aliyemhitaji ndani ya chumba. Dada alijibu jambo kuhusu kazi. Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Salamu zilipita kwa shangazi, baadaye hata shangazi akachoka kuzibeba.

Kwa hiyo kifurushi cha vitabu vipya kilipofika kituoni, na Mama Vitabu akaona kwenye jalada jina la mdogo wake, alilazimika kukaa. Kitabu kilihusu kumuuguza mama. Mchapishaji alimweleza kwa simu kwamba mwandishi ameomba jambo moja tu, kuhojiwa katika kipindi hicho na si kingine. Mama Vitabu alimweleza Babu Waya habari hiyo akiwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika. Kama Kitinda ameomba kuja, basi anakuja kupatana. Hakukuwa na maana nyingine. Alichokitaka duniani wakati huo kilikuwa kimoja, kwamba mdogo wake amwite tena dada, na kwamba Jumamosi hiyo kipindi kikiisha watoke pamoja kwa mlango mmoja.

Alikisoma jikoni kwake, polepole, akiweka kitabu mbali ili machozi yasikilowanishe. Kila kitu kilikuwemo: godoro lililogeuzwa, dirisha ambalo mama hakutaka lifungwe, nyimbo alizozikumbuka nusu. Na yeye mwenyewe alikuwemo, dada wa redioni, aliyeandikwa bila chuki na bila huruma. Alipofika sura ya mwisho alikifunga. Alijiambia ni desturi, na kwamba mdogo wake anastahili kuhojiwa vilevile kama waandishi wengine wote. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Kama mwishoni kuna hukumu yake, aliona afadhali aisikie kwa kinywa cha Kitinda kuliko kuisoma peke yake na sufuria zikimtazama.

Jumamosi Kitinda alikuja mapema, amevaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni mwa studio, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kitinda. Karibu. Kaa hapa, kiti kile kingine kinalia."

Hakukaa. "Kitabu umekimaliza?"

"Nimekimaliza," mdomo wa Mama Vitabu ukajibu, kama ulivyowajibu wengine wote.

Kitinda alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, ndipo akakaa. "Basi uliza chochote, dada. Nimejiandaa."

Taa nyekundu ikawaka. Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Kitinda alieleza jinsi alivyoandika kwenye karatasi za kukatia nguo, wateja wakishaondoka. Alipoulizwa kipi kigumu, kushona au kuandika, alisema kushona, kwa sababu kitabu hakirudi kulalamika kwamba kwapa linabana. Babu Waya nyuma ya kioo alicheka mpaka akafunika mdomo. Mama Vitabu alimuuliza habari za dirisha, za godoro, za nyimbo. Kila swali liliposogea karibu na siku ile ya mwisho, Kitinda aliinama mbele kidogo, macho yakamtoka. Swali lilipogeukia kwingine, aliegemea tena kiti. Dada mtu aliona, akadhani ni uchungu, akaamua kumnusuru. Kwa mapenzi kabisa, alikizunguka kile chumba cha mauti bila kugusa mlango wake.

Saa ya kumaliza ikakaribia. Akauliza swali aliloliuliza kila mwandishi mwishoni, kwamba sasa anaandika nini.

Kitinda alimtazama kwa muda uliokuwa mrefu mno kwa redio. Kisha akasema haandiki tena, akawashukuru wasikilizaji. Taa ilipozimika alikuwa amekwisha kusimama. Mama Vitabu alimwambia wakanywe chai, akataja hata mahali. Kitinda alishukuru kwa nafasi aliyopewa, kwa adabu ile tunayowapa watu wa ofisini, akatoka.

Simu ya kwanza ya msikilizaji ilitoka kwa mama mmoja aliyekwisha kukinunua kitabu. Babu Waya aliipokea, akasikiliza, akamletea Mama Vitabu mkono wa simu. Yule mama hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. Alisema nyumba nzima walikaa roho juu wakingoja. Mbona hukumuuliza, mama? Si alikuandikia sura nzima akikuomba umuulize?

Mama Vitabu aliisoma sura ile amesimama kwenye korido, watu wa idara ya michezo wakimpita huku na huku. Ilikuwa fupi.

"Dada yangu hajui mama alisema nini saa ile. Sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikayafanya maneno yale kuwa yangu peke yangu. Sasa yamenielemea. Nitamfuata kulekule anakowauliza watu maswali. Akiniuliza, nitamwambia, na tutalia wote. Asiponiuliza, nitajua amekwisha kumaliza kuomboleza, nami sitamsumbua tena."

Alasiri alikuwa mlangoni kwa Kitinda, katika nyumba ya mama yao. Cherehani ilikuwa imesogezwa pale kilipokuwa kitanda. Kitinda alikuwa anapinda pindo la nguo ya mtu, hakuinua kichwa.

"Sikuwa nimeisoma," dada alisema. "Sura ya mwisho. Huwa sizisomi kabla ya kipindi, Kitinda. Ni utaratibu wangu wa kazi."

"Ulisema umemaliza."

"Huwa nawaambia wote hivyo."

"Wote." Kitinda aliacha kushona. "Kumbe nilikuwa katika wote."

"Ni kazi tu, mdogo wangu."

"Hata ya mama hukuisoma, dada. Ulikuwa kazini."

Mama Vitabu alishika kizingiti. Alitaka kujitetea, akaona kila atakalolisema litakuwa la mtangazaji. Akauliza lile lililobaki. "Nakuuliza sasa, basi. Mama alisema nini?"

Kitinda alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa, bila kupanda wala kushuka sauti, kama mtu anayemkabidhi mteja nguo yake.

"Alikuwa anakusikiliza. Aliniambia niongeze sauti. Ulikuwa na yule mzee wa hadithi za watoto, mnacheka. Akaniuliza, anamaliza saa ngapi? Nikamwambia sasa hivi, mama. Akauliza tena. Nikamwambia sasa hivi. Nikataka kupiga simu tena kituoni, akanishika mkono. Akasema, mwache amalize. Basi. Hakusema tena."

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Dada alipiga hatua moja ndani ya chumba, mikono imenyooka, lakini Kitinda aliinua kiganja, taratibu, kama anavyomzuia mtoto asikanyage kitambaa kilichotandazwa chini.

"Nilitaka tulie wote, leo asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa. Machozi yangu nimeyalia njiani nikirudi. Sasa sina."

Mama Vitabu alitafuta swali. Maisha yake yote alikuwa na la pili, na kwa waoga na wakaidi na wenye kiburi lilimjia lenyewe. Sasa alisimama mdomo wazi na hakuna kilichokuja. Kitinda alikanyaga cherehani, ikaanza kunguruma.

Mteja akaingia, msichana aliyekuja kuchukua gauni lake. Akamwamkia yule mama aliyesimama katikati ya chumba, akangoja kuitikiwa, hakuitikiwa. Akamgeukia mshonaji kwa macho ya kuuliza ni nani.

"Ni mtu wa redio," Kitinda akasema, akinyoosha mkono kutundua gauni. "Anaondoka."