Barakoa Yenye Tundu

Madereva walimwita Bwana Simama. Mkewe, fundi cherehani mwenye kibaraza kinachotazamana na njia panda, alilipenda jina hilo kimoyomoyo ingawa usoni alijifanya kununa. Trafiki huyo alikuwa amesimama kwenye njia panda ileile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akipuliza filimbi na kuyaswaga malori kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mkewe alipotaka kuvuka kwenda kununua uzi, mume alipuliza mlio mmoja mrefu, akainua mkono wa kushoto, na barabara nzima ikatulia.

"Pita, Mama Watoto," alisema, na madereva wakacheka.

Moshi nao haukuwa na simile. Fundi aliyafunika mashati ya wateja kwa shuka, na bado kola zilishika masizi. Jioni alipofua leso ya mumewe, maji yalibadilika yakawa meusi tii. Akaingiwa na hofu. Kama leso iko hivi, kifua je?

Basi akamshonea barakoa ya kitambaa kizito. Mume akaivaa, akashukuru, kisha akauliza, "Sasa filimbi nitaipulizia puani?"

Fundi akaona kweli. Akachukua mkasi, akatoboa tundu mbele ya mdomo, akalizungushia uzi vizuri kama tundu la kifungo. Wala hawakuona kichekesho chochote. Trafiki akaenda nayo kazini siku zote, filimbi imechomoza mbele, na mkewe akalala usingizi mtamu.

Asubuhi moja, akipinda sketi ya mteja, fundi alisikia mlio umekuja vibaya. Ulikuwa upepo mtupu. Ukarudia, upepo tena. Madereva wakadhani Bwana Simama anafanya mzaha, na mwenye teksi akamjibu kwa honi. Fundi aliinua macho akaona mkono wa kushoto wa mumewe unaning'inia tu. Akaiacha sketi kwenye sindano, akavuka mbio bila kuvushwa na mtu.

Alipomvua barakoa, mdomo ulikuwa umekwenda upande.

"Sema neno, baba," akamwambia. Maneno yakatoka yamevurugika. Mwenye teksi yule wa honi ndiye aliyewakimbiza hospitali, kanywea.

Kilikuwa kiharusi. Daktari, mama mpole, alieleza kwamba presha ilikuwepo, na moshi wa magari ukachangia, kwani chembe zake ndogo sana hupenya mapafuni hadi kwenye damu na kuiumiza mishipa. Fundi akatoa barakoa mkobani.

"Mimi ndiye niliyetoboa tundu hili," akasema, machozi yakamtoka.

Daktari akaigeuzageuza. "Hata bila tundu, dada yangu, kitambaa hiki kisingezizuia chembe hizo. Lakini ulimwahi. Hilo limemsaidia sana."

Nyumbani, mgonjwa alikuwa na wazo moja tu, kurudi njia panda. Kila siku alikaa kwenye kigoda uani akijaribu filimbi, na kila siku ulitoka upepo. Mkewe alimkanda mkono, akamlisha, akamtania kwamba sasa yeye mkewe ndiye trafiki wa nyumba. Lakini moyoni alikuwa na jambo alilolionea aibu. Alitamani filimbi ilie, na aliogopa isije ikalia, kwa sababu siku itakapolia atakuwa amemrudisha yeye mwenyewe mumewe kwenye ule moshi.

Ikalia. Alikuwa akitoka bombani na ndoo aliposikia mlio mmoja mrefu, safi. Mume alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kushoto unapanda polepole. Fundi akasimama palepale na ndoo yake akaungoja. Ukafika kifuani, ukagoma.

"Pita, Mama Watoto."

Akapita. Alipomfikia, mumewe alivua filimbi shingoni akamvalisha yeye.

"Kule watafute mwingine," akasema, mdomo bado upande kidogo. "Mimi nilikuwa naogopa tu nani atakuvusha. Sasa nina sharti. Cherehani nayo itoke pale kibarazani."

"Cherehani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ni wewe unayekaa nayo kwenye moshi ule."

Fundi akaweka ndoo chini. Miaka yote hiyo, yeye hakuwahi kujishonea barakoa hata moja.