Kikombe chenye uzi mwekundu

Jamani, aibu! Juzi kwenye mkutano wa UKIMWI pale Kawajense nilipaza sauti, mimi mwelimishaji: "Nyie, msiwatenge wenye virusi wala wavuta unga! Kunyweni nao kata moja!"

Wakapiga makofi. Kata ya togwa ikazunguka, nami nikajigamba, "Mpeni na mdogo wangu!"

Mdogo wangu huyo, Deo, alirudi nyumbani kwangu kutoka Dar na unga wake, na virusi. Utotoni tulikula sahani moja tukigombania kichwa cha perege. Hadi leo natamani bega lake ligusane na langu.

Deo akaipokea kata, akamimina togwa kwenye kikombe cha bati alichotoa mfukoni.

"Nina changu," akasema taratibu. "Dada yangu huyuhuyu alikifunga uzi mwekundu, wanawe wasikosee wakakinywea."