Kiti cha Mtamba Mwekundu

Niliuinua mguu wa mtoto wangu, ule wa plasta kutoka nyongani hadi karibu na vidole, nikauweka mapajani mwa mwanamume aliyekuwa amelala kwenye kiti chetu. Sikuubwaga. Niliulaza polepole, kisha nikapiga magoti kwenye zulia la ndege na kumshika kiunoni msichana wangu, niliyemkalisha kwenye mkono wa kiti, asiteleze.

Mwanamume akafungua macho. Alikuwa mzee wa heshima zake, Mkenya kama mimi, koti la suti limetundikwa ukutani mbele yake.

"Mama, nini hii?"

"Ni mguu."

"Naona ni mguu. Unatafuta nini kwangu?"

"Unatafuta kiti chake. Ndicho hicho umekalia."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akaangalia pazia nililopitia, kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni na anajiuliza ni nani aliacha mlango wazi.

"Mimi nimewekwa hapa," akasema. "Hata mimi si hapa nililipia. Nililipia kule mbele kabisa. Wakasema kumejaa, wakanisukuma huku."

"Na wewe ukanisukuma mimi."

"Mimi hata sikukuona."

"Sasa umeniona."

Msichana wangu, ambaye alikuwa na miaka minne, akamwambia, "Babu, usitingishe. Inauma."

Mimi nililelewa Machakos kuinamisha kichwa nikipita mbele ya wazee, na nimeolewa na Wamaasai, ambao kwa hilo wanatushinda. Ili ieleweke nilivyofika kumwekea mzee nisiyemjua mguu mapajani, lazima nianze na ng'ombe.

Tulikuwa tunakaa Kitengela, enzi zile nyumba zilikuwa chache na upepo ulituletea vumbi la simiti hadi kwenye sufuria. Mkokoteni wa maji ulipinduka kwenye geti letu, mitungi yote ikamwangukia mtoto aliyekuwa anacheza hapo. Mfupa wa paja ulivunjika. Ulifungwa vibaya, ukaanza kuunga vibaya, na baadaye ndani yake kukaingia usaha. Daktari mmoja wa Nairobi alitutafutia hospitali Uingereza iliyokubali kumpasua bila malipo, ila nauli ni yetu, na tufike siku waliyoipanga mguu ukiwa haujafura. Ukifura hawangepasua, na nafasi ingekwenda kwa mtoto mwingine kwenye foleni.

"Safari ni ndefu," daktari akaniambia. "Mguu usining'inie. Uinuliwe wakati wote. Na vidole hivi uviangalie. Bonyeza ukucha, utageuka mweupe. Ukiachilia, rangi irudi mara moja. Ikichelewa kurudi, damu haipiti, na hapo usikae ukingoja."

Mwenye kuuza tiketi alituambia viti vya kawaida havitafaa, na vya mbele kabisa ni bei ya ploti. Lakini kuna daraja la katikati, wenyewe wanaliita premiamu ekonomi. Kiti ni kipana kidogo, na chini kina kibao kinachoinuka na kushikilia miguu. Tulitaka hicho kibao. Hayo mengine, kitambaa cha moto cha kufuta mikono na glasi ya kioo, wangeweza kukaa nayo.

Kiti changu kililipwa na mume wangu pamoja na akina mama wa kanisa. Cha mtoto kililipwa na mtoto mwenyewe. Kwa kina mume wangu, mtoto hupewa mnyama wake angali mdogo, na mnyama huyo ni wake kweli, si wa mdomo. Msichana wangu alipoota jino la kwanza, mama mkwe wangu, anayekaa Bisil, alimpa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Mtamba wa namna hiyo hauzwi na baba wala na babu bila mwenyewe kuulizwa, hata kama mwenyewe bado anakojoa kitandani.

Kwa hivyo tulienda Bisil kuuliza. Mama mkwe akataka kwanza ajue huyo ng'ombe anageuka kuwa nini.

"Hicho kiti kiko na rangi gani?"

"Yeyo, ni kiti tu," mume wangu akamwambia mamake.

"Nimeskia ni kiti. Ukienda soko kununua ng'ombe, unasema ni ng'ombe tu? Kiko upande gani? Mbele yake nani anakaa?"

Mume wangu alichora ndege kwa kijiti kwenye vumbi. Kiti ni cha bluu. Mbele yake ni ukuta, hakuna mtu. Mama mkwe akaangalia mchoro, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Koko wako anauliza. Unakubali ng'ombe yako iende, ikuwe kiti?"

"Kitatoa maziwa?"

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Kitatoa mguu," akamwambia. Mtoto akafikiri, akasema sawa. Siku ya soko mtamba akauzwa.

Tulisindikizwa uwanja wa ndege na ukoo mzima pamoja na kanisa. Pale nje, mama mkwe alitoa kibuyu chake cha maziwa kilichozibwa kwa nyasi mbichi, akaturushia matone kwenye paji la uso, mimi na mtoto, akisema maneno yake kwa Kimaasai. Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Baraka ikiwa bado mbichi, mtu hagombani. Ukigombana unaimwaga. Enda na mdomo mzuri."

Niliingia ndani na mdomo mzuri.

Kwenye kaunta, msichana aliyepaka rangi ya mdomo vizuri sana alibonyeza mashine yake, akakunja uso, akaenda kunong'ona na mtu, akarudi akitabasamu. "Mama, kumekuwa na mabadiliko kidogo tu. Utarekebishiwa ndani."

"Mabadiliko gani? Huyu mtoto ako na plasta. Tumelipia kiti cha kuinua mguu."

"Najua, mama. Ndani watakurekebishia."

Niliangalia vile vikaratasi alivyonipa. Hata mtu wa darasa la tatu angejua namba zile ni za nyuma kabisa. Nikageuka. Kule kwenye kizuizi ukoo mzima ulikuwa umesimama ukipunga mikono, mama mkwe mbele yao na kibuyu chake, na kwangu maziwa yalikuwa hayajakauka kwenye paji la uso. Miaka yote ya ndoa yangu mama huyo hakuwahi kunisikia nikipaza sauti. Nikampungia mkono. Nikachukua vikaratasi vyangu, nikaenda.

Mwenye kaunta aliijua heshima hiyo kuliko mimi. Anaiona kila siku, mama mwenye leso aliyesindikizwa na watu wengi, na anajua mama kama huyo hapigi kelele.

Ndani hakuna aliyerekebisha kitu. Viti vyetu vilikuwa katikati ya safu, karibu na choo. Kiti cha mbele kilikuwa karibu hivi kwamba plasta haikuingia ikiwa imenyooka. Ilibidi nimgeuze mtoto ubavu, mguu upite juu ya mapaja yangu, kisigino kitokee kwenye njia ambapo kila aliyekwenda choo alikigonga. Halafu abiria wa mbele akalaza kiti chake. Mtoto alipiga ukelele mmoja, akauma leso yangu.

Nilimwita mhudumu. Alisema ningoje tupae. Tulipopaa, akasema ningoje chakula kigawiwe. Chakula kikagawiwa, mkubwa wao akaja, mwanamke mrefu mwenye skafu shingoni, akaniambia kwa Kiingereza taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyevunjika, kwamba anasikitika lakini ndege imejaa.

"Haikujaa nilipolipa," nikamwambia.

Akasema tena anasikitika.

Ilikuwa ndege ya asubuhi. Jua lilikuwa linapiga madirisha yote, chini ni jangwa tupu, na watu walikuwa wanatazama sinema. Mimi nilikuwa natazama vidole. Nabonyeza ukucha, unageuka mweupe, naachilia, rangi inarudi. Nabonyeza. Kwa muda mrefu ilirudi. Halafu ikaanza kurudi kwa uvivu. Nikamvulia mtoto kisoksi tulichomfunika nacho vidole. Vilikuwa vimenona kama vya mtu mzima, baridi, rangi ya zambarau inayoanza kuiva.

Ndipo nilipoenda kuchungulia kwenye pazia. Niliviona viti vyetu. Bluu, mbele ukuta, vile mume wangu alivyovichora. Kibao kilikuwa kimeinuliwa, na juu yake palikuwa na miguu miwili mizima ya mwanamume, imevaa soksi, haina kasoro yoyote.

Nilirudi nikambeba mtoto.

Kando ya yule mzee alikaa mkewe, mama wa umri wa mama yangu. Wakati mimi na mumewe tunarushiana maneno, yeye hakuwa anatusikiliza. Aliinama akavishika vile vidole.

"Viko hivi tangu lini?"

"Tangu tuwekwe viti vya nyuma."

Akafungua mkanda. "Mzee, amka."

"Kaa chini," mumewe akasema. "Wenye ndege watapanga."

"Wenye ndege ndio wamepanga hivi. Amka."

Mzee akaangalia huku na huku. Sikumsikia akikataa, lakini hakuinuka. Alibaki na mikono juu, hagusi plasta, kama mtu aliyemwagiwa uji. Na kabla hajaamua, yule wa skafu akafika na wenzake. Akasema abiria hawaruhusiwi kubadilishana viti kuvuka pazia. Ni sheria. Nikamuuliza, mimi nilivushwaje pazia asubuhi? Akasema nisiporudi mahali pangu, nitapokelewa na polisi tukitua.

Nikafikiria polisi, mtoto achukuliwe peke yake, hospitali isiyonijua. Nikamwinua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hadi leo nikiikumbuka nasimama wima nikiwa naosha vyombo. Nilimwinua mtoto wangu kwenye kiti chake mwenyewe nikamrudisha kule karibu na choo.

Yule mama alitufuata. Alisimama kwenye njia, na viatu vyake vizuri, akauinua mguu wa mtoto kwa mikono miwili hadi usawa wa kifua chake. "Kula kitu," akaniambia. "Mimi naushika." Aliushika hadi taa za mikanda zilipowaka na wakamwamuru arudi kuketi. Rangi ilikuwa imeanza kurudi kidogo. Baada ya hapo, hadi tunatua, haikurudi tena.

Hospitalini walikata plasta kabla hata ya kuniuliza jina. Ngozi ilikuwa imechubuka chini yake na paja limefura. Daktari wa upasuaji alikuja, akatazama, akatoka. Siku yetu ilipewa mtoto mwingine. Simlaumu mtoto huyo. Tulingoja kwenye chumba cha watu wa kanisa la huko, kwa baridi ambayo sikuwa na nguo zake, hadi nafasi nyingine ilipopatikana. Kufikia hapo usaha ulikuwa umekula zaidi, ikabidi wakate mfupa zaidi. Nilimuuliza daktari kama ni ndege iliyoleta hayo. Akasema hawezi kusema ndiyo. Nikamwambia basi aseme hapana. Akaanza kunieleza jinsi ya kusafisha kidonda.

Msichana wangu anatembea. Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na akikimbia anarusha bega.

Tuliporudi tulienda Bisil kusalimia. Mama mkwe alimtembeza mtoto kutoka mlangoni hadi zizini na kurudi, akimtazama hatua zake. Kisha akaniuliza, "Kile kiti kilimkubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia yote, pamoja na mguu mapajani mwa mzee wa watu. Nilingoja aniambie nimeaibisha nyumba yake.

"Ule mzee alikuwa na umri gani?"

"Kama wa baba mkwe."

"Ungewekelea na mguu ule mwingine." Akatema mate pembeni. "Ng'ombe ya mtoto ikichukuliwa, inalipwa na ng'ombe. Baraka ilikauka kitambo. Enda ugombane."

Nilienda Nairobi, ofisi ya wenye ndege, na mtoto mkononi. Kijana wa malalamiko alikuwa mpole. Akanifungulia faili, akasema ofisi inasikitika, na kwamba naweza kupewa punguzo katika safari yangu ijayo.

"Safari yangu ijayo niende wapi?"

Akanipa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza cha kidato cha nne ninacho, lakini niliijaza kwa Kiswahili makusudi, wamtafute mtu wa kuwasomea. Penye kuandika dai langu aliniambia niandike kwa kifupi. Niliandika hivi, naye akapiga muhuri mbele yangu kwa sababu nilikataa kuondoka kabla hajapiga:

"Mimi ni mama wa mtoto mliyemtoa kwenye kiti chake akiwa amevunjika mguu. Kiti hicho hakikuwa changu wala cha baba yake. Kilikuwa chake, alikinunua kwa ng'ombe wake mwenyewe, baada ya kuulizwa akakubali. Nyinyi hamkumuuliza. Punguzo sitaki. Nadai mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, mzima wa miguu yote minne. Aletwe Bisil na mtu wa ofisi yenu, si wakala, amkabidhi mtoto kamba mkononi na amwambie kwa mdomo wake mwenyewe mlichofanya. Asije siku ya soko. Siku hiyo watu ni wengi, na mtoto wangu hawezi tena kusukumwa."